Mtambo Umefika Mkonde

Kabla sijasema lolote, niseme kwamba naipenda nchi yangu. Tumeelekezwa kuanza hivyo, nami sina kawaida ya kubishana na maelekezo. Jina la nchi yenyewe sitalitaja. Kwetu hairuhusiwi kulitaja jina la nchi katika jambo ambalo halijakamilika, na hili ninalotaka kuwasimulia limekamilika upande wa serikali tu.

Mimi ni kinyozi. Naitwa Lubasha, na kibanda changu cha kunyolea kiko Mtaa wa Chini katika mji wa Mkonde, jirani na soko. Mtaa wetu unaitwa wa Chini kwa sababu uko chini ya mto. Wageni hushangaa wakisikia hivyo, lakini ndivyo ulivyo: Mto Lukwizi unapita juu yetu, nyuma ya tuta la udongo lililojengwa enzi za babu zetu, na ukisimama mlangoni kwangu ukainua macho unayaona matete ya ukingoni. Tuta likiwa zima, tunalala usingizi. Mwaka ule halikuwa zima. Mto ulikuwa umelila kwa ndani mpaka mbuzi wakaacha kupanda juu yake, na mbuzi kwa kuamua jambo hawahitaji kuitisha kikao.

Mhandisi wetu wa wilaya, Bi Edina Kasobile, alilikagua tuta akasema kwa lugha ambayo kila mtu aliielewa. Kabla ya masika kipatikane kijiko, ile mashine ya manjano yenye mkono mrefu wa kuchimbia, kije kichimbe udongo mpya na kuziba palipoliwa. Kikija kabla ya mvua, mtaa umepona. Kisipokuja, soko, zahanati, kibanda changu na nyumba ninayoishi na mke wangu na binti yetu Tunu vinakwenda na maji.

Habari njema ni kwamba kijiko kilikuwepo. Serikali ilikuwa imeshakinunua, kipya kabisa, kiti chake bado kina nailoni. Kilikuwa kimeegeshwa mji mkuu, kwenye yadi ya Wizara ya Vitu Vizito. Kilichobaki ni kutafuta kampuni ya kukisafirisha salama mpaka Mkonde, na wala si safari ya ajabu, barabara ni ya lami karibu njia nzima.

Basi tukatumwa mji mkuu, Mhandisi na mimi. Mhandisi alitumwa kwa sababu ya elimu yake. Mimi nilitumwa kwa sababu sheria ya ushirikishwaji inataka kila msafara wa serikali uwe na mwananchi mmoja, na mtaani kwetu mwenye koti nilikuwa mimi.

*

Nchi yetu ina Wizara ya Vitu Vizito na Wizara ya Vitu Vyepesi. Zilitenganishwa ili kuongeza ufanisi, na ufanisi umeongezeka kiasi kwamba kitu kikiwa na uzito wa katikati, mawaziri hao wawili huacha kusalimiana. Kijiko, kwa bahati, hakikuwa na utata. Kilikuwa kizito.

Mhandisi hakwenda mikono mitupu. Alikuwa amekwisha kumpata msafirishaji, bwana mmoja anayeitwa Mchomvu, mwenye trela refu la tumbo chini lenye matairi mengi kama jongoo. Tulimkuta anatusubiri getini, amevaa kofia ya sufi kwenye jua kali, anaongea na simu mbili kwa pamoja na kuzigombeza zote.

"Dada yangu Mhandisi!" alipiga kelele mpaka walinzi wakageuka. "Neno lako tu. Nipe ruhusa sasa hivi, napakia, nafunga minyororo, kesho kutwa kijiko kinatapika udongo Mkonde. Mimi ndiye Mchomvu. Daraja la Kaskazini chuma chake nani alikibeba? Mimi. Mashine ya sukari, ile iliyozuia barabara watu wakapiga picha? Mimi. Muulize yeyote!"

Nilimpenda palepale, ingawa sikioni mwangu mlikuwa mnalia.

Hapa lazima niwaeleze mila moja ya kwetu, la sivyo mtatuona wajinga. Katika nchi yetu kulitaja baya ni kuliita. Mtu akikwambia angalia usije ukaanguka, nawe ukaanguka, mwenye kosa ni yeye. Huo tunauita uchuro, na unaadhibiwa kuliko wizi, kwa maana mwizi huchukua kilichopo, bali mwenye uchuro huleta kisichokuwepo. Kwa sababu hiyo Idara ya Usalama wa Vitu Vizito, ambayo kazi yake ni kuzuia ajali nchi nzima, hairuhusiwi kulitamka neno ajali. Wao husema "lile jambo". Ubavuni mwa magari yao pameandikwa: TUNAPAMBANA NA LILE JAMBO.

Mkurugenzi wa Idara hiyo alitupokea kwa heshima zote, akamkaribisha Mchomvu kiti, kisha akamwuliza swali moja tu.

"Bwana Mchomvu, tangu uanze kazi hii, umewahi kupatwa na lile jambo?"

Mchomvu angeweza kukana. Lakini mtu wa kujisifu hawezi kuruka hadithi nzuri. "Mara moja tu, mkubwa! Nimebeba greda, napita Mtaa wa Uhuru, pale kona ina mti na bango. Nikasema nikwepe mti. Bango nikaligusa kidogo. Kidogo hivi! Pua tu."

"Pua ya nani?" aliuliza Mkurugenzi.

Mnajua wenyewe mabango ya nchi yetu yana picha ya nani. Karani aliyekuwa anakunywa chai aliirudisha kikombeni.

"Tunakushukuru kwa kufika," Mkurugenzi alisema. "Mwongozo unataka kampuni ambayo haijawahi kupatwa na lile jambo hata kwa mkwaruzo."

Mhandisi alijikaza. "Mheshimiwa Mkurugenzi, huyu amebeba mitambo miaka na miaka, akakwaruza bango moja. Kampuni ambayo haijawahi kukwaruza chochote ni kampuni ambayo haijawahi kubeba chochote."

"Naam!" Mkurugenzi aliitikia kwa furaha, akainuka na kumpa mkono. "Na tunashukuru Mungu, ipo."

*

Ilikuwa inaitwa Salama Salimini, na ofisi yake ilikuwa na baridi kama mochwari. Mkuu wake alikuwa Dakta Theodosi Mbaraganda. Udaktari ulikuwa wa heshima, alitunukiwa na chuo kilichopanga kwenye jengo lake.

"Karibuni katika kampuni yenye rekodi safi kuliko zote ukanda huu," alisema. "Tangu tuanzishwe hakuna tone la damu, hakuna mkwaruzo, hakuna hata honi iliyopigwa kwa hasira."

Mhandisi alikuwa anachungulia dirishani. Uwanjani kulikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri na tausi mmoja anatembea peke yake.

"Magari yako wapi, Dakta?"

"Gari, Mhandisi, ndilo chanzo kikuu cha lile jambo. Hilo tuliliona mapema kuliko wenzetu. Tukaamua kuling'oa tatizo na mizizi yake."

"Sasa kijiko mtakibeba na nini?"

"Tutakodi."

"Kwa nani?"

Dakta alimwita katibu wake, wakanong'onezana. "Kuna bwana mmoja mjini ana trela zuri tu. Anaitwa Mchomvu."

Nilimtazama Mhandisi. Alikuwa amefumba macho, midomo yake inatembea bila sauti, na mpaka leo sijamwuliza kama alikuwa anasali au anatukana.

Mchomvu alipopelekewa habari alicheka mpaka akakaa chini barabarani. Kisha akasimama, akauliza masharti. Masharti yalikuwa machache. Kwanza, trela lake kwa kuwa lina doa lingefunikwa kwa turubai jeupe lenye jina la Salama Salimini, lisitambulike. Pili, dereva naye sharti awe na rekodi safi. Dakta alikuwa na shemeji yake, Bwana Gervasi, mwenye leseni ya magari makubwa iliyowekwa kwenye fremu ukutani tangu siku ilipotoka, haijawahi hata kuingia mfukoni.

"Amewahi kuendesha trela?" Mhandisi aliuliza.

"Kama angekuwa amewahi," alijibu Dakta, "tungekuwa na uhakika gani na rekodi yake?"

Mchomvu aliruhusiwa kukaa ndani ya gari lake mwenyewe kama mshauri, kwa sharti kwamba asishike kitu na asishauri.

Jioni hiyo nilimpigia mke wangu. Kwa simu huwa hana salamu ndefu.

"Baba Tunu, maji yameanza kupenya. Nyuma ya soko pana unyevu kama mtu amemwaga ndoo. Mashine inakuja lini?"

"Kampuni imepatikana, Mama Tunu."

"Sikukuuliza kampuni. Nimekuuliza mashine."

*

Mngedhani sasa kilichobaki ni kupakia na kuondoka. Hamjaijua nchi yangu. Kwetu hakuna kinachoanza bila kuzinduliwa. Shule huzinduliwa, bomba huzinduliwa, na choo cha stendi ya Mkonde kimezinduliwa na mawaziri watatu mbalimbali na bado hakina mlango. Safari ya kijiko ilihitaji mgeni rasmi, na mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Vitu Vizito mwenyewe. Tatizo lilikuwa utepe. Utepe wa kukata ni kitu chepesi, kwa hiyo uko chini ya wizara nyingine, na wakati huo mawaziri walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya godoro.

Tukasubiri utepe. Kila asubuhi Mhandisi alikwenda wizarani na kofia yake ya kazi mkononi, akaambiwa suala linafanyiwa kazi. Nilikuwa namfuata nyuma na koti langu. Siku moja alikaa kwenye ngazi za wizara, akaniambia bila kunitazama, "Mzee Lubasha, mimi nilisomea kushindana na maji. Maji yana adabu. Ukiyawekea ukuta mzuri yanageuka. Hawa nitawawekea nini?"

Mawingu yalikuwa yanajaa upande wa kwetu, unayaona hata kutoka mji mkuu, na mimi nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nasema wazi: nilitamani kuing'ata ile ngazi.

Hatimaye utepe ulipatikana. Wizara ya Vitu Vyepesi, kwa kuonyesha ukubwa wa moyo, haikutoa kipande, ilitoa robota zima la utepe wa rangi za taifa. Na hilo robota ndilo lililoleta balaa.

Siku ya uzinduzi yadi ilipambwa. Bendi ya polisi ilikuwepo, akina mama wa kwaya walikuwepo, viti vya plastiki vilivalishwa vitambaa. Kijiko kilikuwa kimeshapanda juu ya trela, na Mchomvu, ambaye alikwisha kusahau sharti la kutoshika kitu, alikuwa anamalizia kukifunga kwa minyororo yake minene, jasho linamtoka, akiigonga kila pingu kwa nyundo na kusikiliza mlio.

Waziri alishuka garini. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kutokea tumboni. Alipoliona trela alisimama ghafla, na msafara wote nyuma yake ukagongana.

"Nini hiki ninachokiona?"

"Kijiko, Mheshimiwa," alisema Dakta Mbaraganda.

"Kijiko nakijua. Nauliza hii." Akanyoosha kidole. "Minyororo!"

Alipanda jukwaani kabla ya wakati wake, na maikrofoni ikawashwa haraka.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Babu zetu walipitishwa katika nchi hii shingoni wana minyororo. Tulipigania uhuru ili mnyororo usionekane tena juu ya ardhi hii. Leo, mbele ya bendi ya taifa, mbele ya akina mama hawa, mtambo wetu, mali yetu, jasho letu, unasafirishwa kama mtumwa? Umekosa nini? Nauliza, mtambo huu umekosa nini?"

Watu walipiga makofi. Mama mmoja wa kwaya alifuta machozi. Hata mimi, Mungu anisamehe, kwa nusu dakika nilikionea huruma kijiko.

"Ufunguliwe!" Waziri aliamuru. "Nchi huru hufunga mitambo yake kwa rangi zake!"

Ndipo robota la utepe lilipoletwa. Minyororo ikafunguliwa, na vijana wa itifaki wakakizungushia kijiko utepe, mkono wake, kiti chake, hata ile minyororo ya chuma inayokitembeza badala ya matairi, ambayo hawakuwa na namna ya kuivua, wakamalizia na fundo kubwa kama ua mbele. Kilipendeza. Hilo siwezi kukataa.

Mhandisi Kasobile alipasua watu mpaka chini ya jukwaa.

"Mheshimiwa Waziri, kwa heshima zote. Kijiko kile ni kizito. Gari likikata kona, utepe haushiki kitu. Kitaanguka."

Akina mama walirudi nyuma. Mmoja akashika kifua, "Yesu wangu, anachuria hadharani!"

"Mhandisi," Waziri alisema polepole, "wewe ni mtaalamu wa udongo au wa matukio yajayo?"

"Mheshimiwa, si utabiri, ni uzito..."

"Tusiombeane mabaya, mama. Tuombeane mema. Wananchi, tumwombee mama huyu." Tukainamisha vichwa, tukamwombea. Mchungaji alipomaliza, sheikh naye akaongeza yake, kisha bendi ikapiga na Gervasi akaingia kwenye gari. Ilimchukua muda kuupata ufunguo wa kuwasha.

*

Niliona kila kitu, maana mwananchi aliwekewa kiti mbele.

Trela lilitoka getini vizuri. Ving'ora vilitangulia, pikipiki zikafuata, na Waziri akatembea nyuma ya trela kwa miguu akipunga mkono, kuonyesha ushirikiano. Kutoka getini kwenda kipilefti cha kwanza, ule mzunguko wa magari kwenye njia panda, si mbali. Barabara ile imenyooka, na kwenye barabara iliyonyooka Gervasi alikuwa dereva kama madereva wengine.

Kwenye kipilefti trela likazunguka. Kijiko hakikuzunguka.

Kiliendelea mbele pole pole, kwa heshima, kama mzee anayeinuka mkekani. Utepe ulivutika, ukavutika, ukakatika kwa mlio mkubwa. Na hapa ndipo mjue nguvu ya mila: katika nchi yetu utepe ukikatika, watu hupiga makofi. Umati mzima ulipiga makofi. Bendi ilipiga wimbo wa ushindi. Akina mama walipiga vigelegele wakati kijiko kinashuka kwa ubavu, kinaponda kingo za kipilefti, kinalala katikati ya bustani ya maua, mkono wake mrefu umenyooka juu ukionyesha mbinguni.

Hakuna aliyeumia. Makofi yakapungua, yakawa ya mtu mmoja mmoja, yakaisha. Gervasi aliendelea kuzunguka kipilefti na trela tupu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asimame, na Mchomvu alikuwa amekatazwa kushauri.

Watu wote wakamtazama Waziri. Alikuwa katika hali ngumu, tuwe wakweli. Kilichotokea kina jina moja tu, na jina hilo halitamkwi. Kampuni iliyokibeba kijiko haijawahi kupatwa na lile jambo, kwa hiyo haikuwa imepatwa nalo. Dakta Mbaraganda alikuwa ameanza kutokwa na jasho licha ya shati la hariri.

"Mtambo," Waziri alisema mwishowe, "umeshuka."

"Umeshuka, Mheshimiwa," aliitikia Mkurugenzi.

"Na mtambo ukisafirishwa, hushukia wapi?"

Mkurugenzi hakuwa mkurugenzi bure. Uso wake uling'aa. "Hushukia unapokwenda, Mheshimiwa."

"Na huu ulikuwa unakwenda wapi?"

"Mkonde, Mheshimiwa."

Waziri aligeuka, akanyoosha mikono yote miwili kukikumbatia kipilefti. "Ndugu wananchi! Mtambo umefika Mkonde! Umefika salama salimini, na umefika kabla ya wakati!"

Bendi, ambayo haina kosa, ikapiga.

Msidhani ni maneno matupu. Kwetu serikali ikisema, vitu hufuata. Alasiri hiyohiyo kilisimikwa kibao pembeni ya maua: KARIBU MKONDE. Mkuu wa wilaya yetu aliletwa na meza yake, akawekwa chini ya mwavuli katikati ya kipilefti, magari yakimzunguka. Aliponiona alinipa mkono kwa aibu, akaniuliza habari za nyumbani kisha akakumbuka kwamba yuko nyumbani.

Mchomvu alikuwa amemtoa Gervasi kwenye usukani kwa kumshika kola. Akashuka na minyororo yake begani, turubai jeupe amekwisha kulitupa.

"Mheshimiwa!" alipiga kelele. "Yaishe! Mimi nakiinua sasa hivi, nakifunga inavyotakiwa, nakipeleka Mkonde. Sitaki asante. Sitaki jina langu. Nipisheni tu!"

"Mkonde ipi?" aliuliza Waziri.

"Mkonde yenye mto!"

"Bwana, unataka kuondoa mtambo wa wananchi wa Mkonde kutoka Mkonde." Waziri alitikisa kichwa kwa huzuni. "Hilo haliwezekani bila ridhaa yao. Mwananchi yuko wapi?"

Nikasukumwa mbele. Koti langu lilikuwa limelowa jasho. Maikrofoni ikawekwa chini ya kidevu changu.

"Baba, wewe ni wa Mkonde?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Unakubali mtambo wenu uchukuliwe kutoka Mkonde?"

Nikajua nimetegwa, lakini nilimwona Mhandisi pembeni, macho mekundu, nikamkumbuka Tunu wangu anayelala upande wa ukuta wa mto. Nikapaza sauti mpaka spika zikalia. "Mheshimiwa, mimi nataka uende Mkonde! Tuta linabomoka! Kwetu watu watakufa maji!"

Akina mama waliziba masikio yao kwa uchuro ule. Waziri alitabasamu kwa upole wa mtu anayemhurumia mlevi.

"Uende Mkonde, kutoka Mkonde," alisema. "Hiyo ni safari gani, baba?"

Watu walicheka. Walicheka kwa muda mrefu, na nilisimama pale wakicheka, kinyozi mwenye koti.

Mhandisi Kasobile aliivua kofia yake ya kazi, akaiweka kwenye meza ya mkuu wa wilaya chini ya mwavuli. "Twende," alimwambia Mchomvu. "Trela tupu, minyororo, na masepetu yote tutakayoyapata njiani." Walipopita mbele yangu nikataka kupanda, lakini askari alinishika mkono kwa adabu. Mwananchi wa Mkonde haruhusiwi kuondoka Mkonde katika wiki ya sherehe.

*

Sherehe zilikwenda vizuri. Nililala hoteli, kwa gharama ya wizara, dirisha langu likitazama wilaya yangu mpya. Mji mkuu ulikuwa na jua zuri.

Wizara, kwa kuwa inajali, ilikuwa imesikia kwamba masika huwasumbua watu wa Mkonde. Ikaleta misaada mapema. Malori ya mablanketi, mahema na unga yalizunguka kipilefti, yakashusha, na mkuu wa wilaya akayapokea. Nilikuwa mwananchi pekee, kwa hiyo nilikabidhiwa blanketi la kwanza mbele ya kamera, nikiwa nimesimama juani. Lilikuwa blanketi zito, zuri, lenye nembo. Mtangazaji wa redio alisema hali ya Mkonde ni shwari, hakuna hata tone la mvua. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na kwa jinsi alivyokuwa ameagizwa kutazama, hakudanganya.

Simu yangu ikalia wakati wanapiga picha ya pili.

"Baba Tunu." Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za watu na mngurumo nilioujua tangu utotoni. "Tuta limeachia. Usiogope, Tunu ninaye. Tumo kwenye trela la yule bwana mwenye kelele. Yeye na Mhandisi wanapakia watu. Tumeshika minyororo, wote, mpaka wagonjwa wa zahanati. Anatupigia kelele tuishike vizuri."

"Na nyumba?"

"Imekwenda. Kibanda chako kilitangulia, nilikiona na kioo chake kinapita." Niliusikia mnyororo ukigonga chuma. "Redio ya huyu bwana inasema mashine imefika. Ni kweli?"

Waziri alikuwa ananitazama, na mpiga picha alikuwa ananiashiria niinue blanketi juu kidogo.

"Ni kweli, Mama Tunu. Imefika."

"Imefika wapi? Mbona huku hatuioni?"

"Imefika Mkonde."

Mto ulikuwa unanguruma kwenye sikio langu, na Tunu alikuwa analia mahali fulani karibu na simu. Kisha mke wangu aliuliza, bila hasira, kama mtu aliyepotea anavyomwuliza mpita njia:

"Sasa sisi tuko wapi, Baba Tunu?"